Maporomoko ya Lugard: namna ya kuukaribia mto usio na uzio

Anayekwenda Maporomoko ya Lugard akitarajia maji yanayodondoka kutoka juu ya jabali atarudi akilalamika. Hapa mto haudondoki, unajibana. Galana unakuja mpana, ukitambaa juu ya mchanga kati ya mikoma, halafu unakutana na mwamba mgumu wenye mistari ya waridi, kijivu na nyeupe. Hauna pa kupita ila kwenye nyufa. Unaingia humo kwa kishindo, unazunguka ndani ya mashimo uliyoyachonga wenyewe, unapotea chini ya jiwe, unaibuka upande wa pili ukiwa povu, na mbele kidogo unatulia tena katika vidimbwi vipana ambavyo mamba wamevifanya makao. Yote hayo yako ndani ya Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki, kaskazini mwa mji wa Voi. Ni miongoni mwa sehemu chache za mbuga ambapo mgeni anaruhusiwa kushuka garini, kwa hiyo utayatazama ukiwa umesimama juu ya mwamba wenyewe.

Uzio hakuna. Hakuna ngazi ya zege, hakuna kamba ya kushika, hakuna mwokoaji mwenye filimbi, wala mtandao wa simu wa kutegemea. Binafsi sitamani viwekwe, kwani uzuri wa mahali hapa ni kwamba mkono wa mtu haujapagusa sana. Ila mgeni wa mahali pa namna hii analazimika kuifanya mwenyewe kazi ambayo kwingineko hufanywa na uzio, na kazi hiyo inaanza siku kadhaa kabla hajafika.

Jambo la kwanza la kuelewa ni maji yenyewe yanatoka wapi. Galana ni mto mmoja wenye majina matatu. Juu unaitwa Athi. Unakusanya maji ya pembezoni mwa Nairobi na miteremko ya Kiambu, unaupokea Mto Nairobi pamoja na kila kinachobebwa humo, unapita Maporomoko Kumi na Manne karibu na Ol Donyo Sabuk, kisha unateremka Ukambani ukiambaa na uwanda mrefu wa Yatta. Ndani ya Tsavo unakutana na Mto Tsavo, na kuanzia hapo ndipo unapoitwa Galana. Ukikaribia pwani unakuwa Sabaki, nao unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Wakazi wa Malindi hawahitaji kuelezwa habari hii. Bahari yao inapogeuka rangi ya udongo wakati hata tone halijaanguka mjini, wanajua kwamba bara kumenyesha.

Nawe uwe na ujuzi huohuo wa watu wa Malindi. Anga la Tsavo linaweza kuwa jeupe, jua likiwaka, vumbi likiruka, na wakati huohuo mvua iliyonyesha Nairobi na Machakos siku zilizopita ikawa inakuja taratibu bondeni. Kwa hiyo kuangalia utabiri wa hali ya hewa wa Voi peke yake ni kujidanganya. Angalia mvua ya Nairobi, Kiambu, Machakos na Makueni ya wiki nzima iliyotangulia. Kulikuwa na mafuriko? Achana na mwamba, katazame ndovu kwingine. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Athi ulivunja kingo zake juu huko, na maji yote yale hayakuwa na njia nyingine ya kwenda baharini ila hii.

Upande wa Mto Tsavo habari ni tofauti, na ndiyo sababu Galana haukauki. Tsavo unalishwa na chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huchujwa chini kwa chini kupitia miamba ya volkano ya Chyulu. Chemchemi hizohizo ndizo zilizovutiwa bomba la kupeleka maji Mombasa. Kiangazi kikishika, Athi ukiwa umebaki mchirizi, maji ya Mzima huendelea kuja. Kwa hiyo hutaukuta Galana mkavu kabisa, na usidhani kwamba kwa kuwa nyasi zimekauka basi kwenye nyufa hakuna nguvu.

Hapa ndipo penye neno langu kuu kuhusu Lugard, na nalisema mapema kwa sababu linapingana na mawazo ya wengi. Wakati wa kuogopa zaidi ni mto ukiwa umepungua. Mto ukijaa, nyufa humezwa, mwamba mwingi hufunikwa, maji hupita juu yakiwa mekundu na yenye ghadhabu, na hata mtoto mdogo hurudi nyuma bila kuambiwa. Lakini Agosti au Februari, maji yakiwa yamejificha ndani ya mifereji yao, mwamba unabaki mkavu, mpana, wenye joto zuri la kukalia. Unaweza kutembea mpaka ukingoni. Unaweza kuinama na kuchungulia. Mahali fulani mwanya unakuwa mwembamba kiasi kwamba mtu anaona angeweza kuuruka, na mara zote yupo kijana katika kundi atakayesema hivyo kwa sauti.

Usiruke. Simulizi za watu walioweka mguu mmoja huku na mwingine kule zimekuwapo tangu zamani, na kila anayezisimulia amesalimika, maana asiyesalimika hasimulii. Kuruka kwenyewe si kugumu. Ugumu uko kwenye kutua: upande wa pili umeinama kuelekea kwenye maji, umesuguliwa na mchanga wa miaka isiyohesabika, na hauna hata kipele cha kushika. Na chini yake si dimbwi. Maji yanayoonekana kuwa na upana wa hatua moja ni mto mzima uliogeuzwa ubavu. Upana ulioupoteza umeulipa kwa kina na kwa kasi, na kasi ikizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne. Aliyeanguka humo hapelekwi mbele tu, anapelekwa chini, kwenye mashimo ya duara ambamo maji hujizungusha, na chini ya kingo zilizoliwa kwa ndani. Kujua kuogelea hakusaidii mahali ambapo hakuna uso wa maji wa kuogelea.

Miezi ya Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari ndiyo mizuri kwa safari, kwa maana ya barabara na kwa maana ya kuona umbo la mwamba. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, maji hupendeza kwa kishindo lakini barabara za udongo mwekundu huteleza, na makorongo makavu unayoyavuka njiani yanaweza kujaa ndani ya nusu saa. Ukikuta drifti, yaani kivuko cha zege, ina maji yanayopita juu yake na huoni zege lililo chini, simama. Sentimita 15 za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 60 zinatosha kuliinua na kulisukuma gari kubwa. Maji ya korongo hushuka haraka kama yalivyopanda, kwa hiyo subiri, kunywa chai.

Sasa safari yenyewe. Wengi huanzia Voi, kwa kuwa treni ya reli mpya inasimama pale na lango la mbuga liko karibu na mji. Wengine huja kutoka Malindi kupitia lango la Sala, wakifuata mto kwenda juu, na njia hii naipenda zaidi kwa mandhari ingawa vumbi lake halina huruma. Kutoka Voi panga muda wa saa mbili kwenda, si kwa sababu ya umbali bali kwa sababu mwendo wa mbugani haupaswi kuzidi kilomita 40 kwa saa, na ndovu wakiamua kuvuka hawaangalii saa yako. Gari dogo kama Probox ya jirani linaweza kukufikisha kiangazi, nimeziona huko. Hata hivyo gari lililoinuka, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, litakuondolea wasiwasi mwingi.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa mtandao kupitia eCitizen, hawapokei pesa taslimu, hivyo maliza shughuli hiyo ukiwa bado mjini ambako simu inashika. Jaza mafuta Voi. Kagua tairi ya akiba kwa kuibonyeza hasa, usikubali neno la dereva kwamba iko sawa, na uhakikishe jeki na spana ya nati viko garini. Pancha katikati ya Tsavo ni jambo la kawaida, lakini pancha bila jeki ni kulala porini. Tia pia kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwani udongo ule huizamisha.

Maji ya kunywa beba lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku, na uongeze jerikeni moja ya akiba. Angalia usije na katoni ya chupa za plastiki za dukani. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na fukwe zinazohifadhiwa nchini Kenya, na langoni utaambiwa uziache. Chupa za chuma na mtungi mkubwa wa kujazia ndiyo njia. Usiwaze kwamba ukiishiwa utachota mtoni. Mto huu umepita Nairobi kabla ya kukufikia, na umebeba maji taka ya mji na ya viwanda. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi kemikali. Kuoga nako usithubutu, hata kwenye dimbwi linaloonekana tulivu, na sababu ya pili ya katazo hilo tutaiona muda si mrefu.

Kabla ya kuingia, mwachie mtu mmoja maelezo kamili: namba ya gari, njia mtakayopita, na saa ambayo asipopata habari zenu anapaswa kupiga simu kwa KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Andika namba za dharura za mbuga kwenye karatasi, si kwenye simu tu, kwa kuwa simu huisha chaji au huzama. Waambie maaskari wa langoni kwamba mnakwenda Lugard, na waulize mto ukoje leo. Hilo swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko ramani zote. Wao wanapishana na wenzao wa doria kila siku, wanajua kama maji yamepanda, kama kuna simba aliyelala karibu na maegesho, kama njia fulani imefungwa. Waulize kwa heshima, wasalimie kwanza, wape nafasi ya kujibu kwa urefu. Wageni wengi hupita wakionyesha risiti tu kupitia dirishani na kukosa habari ambayo ingewafaa.

Mbugani utaona kwenye njia panda mawe au nguzo zenye namba. Msaidizi wa dereva aandike kila namba mnayoipita pamoja na saa. Likitokea jambo, hutasema "tuko karibu na mti mkubwa", utasema mlipita namba fulani dakika 20 zilizopita, na anayekutafuta atajua pa kuelekea.

Mkifika, msifungue milango papo hapo. Zimeni injini na mkae dakika tano mkitazama pande zote: chini ya vichaka, kivulini, nyuma ya mawe. Ruhusa ya kushuka haina maana kwamba wanyama wamearifiwa. Ndovu huja kunywa maji hapa, wakiwa wekundu kwa vumbi la Tsavo, na ndovu aliyekatwa njia kati yake na mto ni hatari. Akiwa karibu, bakini garini hadi amalize shughuli zake. Kiboko akionekana nje ya maji, usiingie kamwe kati yake na maji, kwa sababu huko ndiko atakakokimbilia na utakuwa njiani.

Mamba ndio sababu ya pili niliyoahidi. Chini kidogo ya maporomoko, mto unapotulia, ndiko waliko, na upo mwambao unaojulikana kwa jina lao. Watu huwatazama kutoka juu ya mwamba na kuwaona wamelala mdomo wazi juu ya mchanga, wakadhani hao wanaoonekana ndio wote. Mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa moja bila kupumua, na anapowinda hushambulia pale maji yanapogusa nchi kavu. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: maji yenye povu yana hatari yake, maji matulivu yana hatari nyingine, na hakuna yaliyobaki ya kuchezea. Kaa mbali na ukingo wowote wa chini ulio sawa na maji, angalau hatua kumi. Usinawe mikono. Usiingize miguu ili upigwe picha. Usimruhusu mtoto atupe mawe huku akisogea.

Juu ya mwamba, jambo la kuchunguza kwanza ni rangi. Mwamba mkavu uliopauka unashika soli vizuri. Mwamba uliolowa, au wenye utando wa kijani, au uliofunikwa na matope membamba yaliyoachwa na maji yaliposhuka, unateleza kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Utando huo wa matope ndio mdanganyifu zaidi, kwa kuwa ukikauka hufanana na mwamba wa kawaida na huvunjika tu unapokanyagwa. Mstari wa giza ulio juu ya maji unakuonyesha mto ulifika wapi hivi karibuni. Uheshimu mstari huo na ubaki juu yake. Kila kilicho chini ya hapo kihesabu kuwa ni mto, hata kikiwa kikavu.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya mpira inayoshika. Malapa yaache garini. Kanga na leso ndefu zinapendeza kwenye picha lakini upepo wa pale huzikunja miguuni, basi zifungeni juu au zivueni kwa muda. Tembea kwa kuinama kidogo, weka mguu mzima, usiruke kutoka jiwe hadi jiwe. Ukitaka kuchungulia ndani ya ufa, lala kifudifudi na usogee kwa tumbo, huku mwenzako amekushika kifundo cha mguu. Ni aibu ndogo. Utaona zaidi kuliko aliyesimama, kwa sababu ukilala huogopi, na asiyeogopa anatazama vizuri.

Picha zimeua watu wengi duniani kwenye kingo za namna hii, mara nyingi kwa hatua moja tu ya kurudi nyuma. Lipangieni jambo hili mapema: anayepigwa picha anakaa chini, au anaupa mto ubavu, hatoi mgongo, na anayepiga ndiye anayesogea. Selfi pigeni penye mwamba tambarare, mbali na ufa. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi mbugani bila kibali.

Kwa watoto sina maneno ya kuzunguka. Aliye chini ya miaka kumi ashikwe mkono, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, na mshikaji huyo asiwe na simu wala kamera mkononi. Kama wazazi ni wawili na watoto ni wanne, waende kwa zamu, wengine wabaki garini. Kelele za maji humeza sauti, kwa hiyo mkubaliane ishara: mikono miwili juu maana yake rudini wote mara moja. Filimbi husikika pale ambapo kuita hakusikiki.

Weka jiwe dogo pembeni, mahali maji yanapoishia, ulitazame kila baada ya dakika kumi. Likizama, mto unapanda. Dalili nyingine ni maji kubadilika ghafla kutoka kijani kwenda kahawia, vijiti na majani makavu kuanza kuelea, povu chafu kuongezeka, au ngurumo kubadilika sauti na kuwa nzito. Moja ya hizo ikitokea, ondokeni kwenye mwamba kwa kupanda juu, msijadiliane.

Mtu akianguka, yafuatayo yafahamike na kila aliyeshuka garini, kwa kuwa hakutakuwa na nafasi ya kufundishana. Aliye ndani ya maji ya wazi alale chali, miguu ikitangulia kufuata mkondo, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, na asijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe wakati maji yanasukuma mgongo, kichwa kitazamishwa. Apige mikono kwa mshazari kuelekea ukingo alioko karibu nao. Walio nje wamrushie kamba inayoelea, yenye urefu wa mita 15 hadi 20, na anayeirusha awe amekaa na amejikita, asiifunge kiunoni mwake wala mkononi. Hakuna kamba? Tawi refu, mkanda, jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko. Asiyekatazwa mapema ataruka kumfuata, hasa akiwa mzazi, na familia itapoteza wawili badala ya mmoja. Kataza mapema.

Aliyeingia kwenye ufa wenyewe hafikiwi kwa kamba. Hili ni gumu kulisema, lakini litawaamulia mambo: mmoja abaki juu akitazama mahali maji yanapotokea chini, mwingine aondoke na gari, au atumie redio kama ipo, kutafuta askari wa doria, na wote wakae mbali na maji. Akipatikana hapumui, anza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha bonyeza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Usimminye tumbo kumtoa maji. Hata aliyezinduka na kusema amepona apelekwe hospitali Voi siku hiyohiyo, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Wasafiri wa mara kwa mara wa sehemu kama hizi wanajiunga na mpango wa uokoaji wa ndege wa AMREF Flying Doctors, na gharama yake ya mwaka ni ndogo ukilinganisha na safari moja ya ndege isiyo na bima.

Hayo ndiyo makubwa. Madogo ni jua la adhuhuri, ambalo juu ya mwamba hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, basi njooni asubuhi mkiwa na kofia. Mbung'o wapo karibu na mto, na wanavutwa na nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni khaki au rangi za udongo. Nyoka hupenda nyufa zilezile unazotaka kushika, hivyo usitie mkono pasipoonekana.

Na Lugard mwenyewe? Frederick Lugard alipita bonde hili mwaka 1890 akiwa ametumwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki kufungua njia ya kutoka pwani kwenda Machakos kwa kufuata Sabaki, na baadaye akaenda kuitawala Nigeria. Waata, wawindaji wa ndovu kwa pinde ndefu, walikuwa wakiujua mwamba huu kabla yake, na mbuga ilipoanzishwa 1948 walijikuta wamegeuzwa majangili kwenye ardhi ambako babu zao waliwinda. Ukimpata mwongozaji wa Kiwaata au wa Kigiriama anayeifahamu Galana, mlipe vizuri na umwache aongee. Atakuonyesha pa kusimama bila kukupangia hotuba, na utamwona hasogei mahali fulani hata mwamba ukiwa mkavu.

Kuondoka kuna saa yake. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuendesha gizani mbugani hakuruhusiwi. Hesabu nyuma: kama lango la Voi liko saa mbili mbele yako, saa tisa uwe umeanza kukusanya watu, saa tisa na nusu magurudumu yazunguke, nusu saa inayobaki iwe ya ndovu na pancha. Hesabuni vichwa kabla ya kufunga milango, hesabuni na chupa. Kama mnatokea Sala kuelekea Malindi, ongezeni muda, njia ni ndefu na nje ya lango bado kuna safari kubwa kabla ya taa za mji. Langoni mwambie askari kwamba mmetoka wote, na kama mliliona jiwe lenu likizama au maji yakibadilika rangi, mpe habari hiyo na saa mliyoiona. Kesho kuna mwingine atakayemuuliza mto ukoje.